Kesi ya Alger Hiss na ile Woodstock: mashini ilikuwa kwa nani Januari 1938?

Watu wakileta stori ya Alger Hiss wanakimbilia sana lile boga, zile filamu zilizofichwa ndani ya boga kule shambani, na kweli ni stori tamu, lakini kilichombana yule bwana mpaka akaingia jela ni mashini ya kuandika. Mashini kuukuu ya chuma, nzito, ya kampuni ya Woodstock ya Illinois. Nataka niipitie kesi hii upande wa mashini tu, maana mimi hapa Lubumbashi nakula kupitia sekretariati, napiga makaratasi ya watu, na mpaka leo kwenye meza ya nyuma tuko na Olympia ya mkono kwa ajili ya zile fomu za kaboni ambazo printa inakataa. Na naona wengi wanaoisimulia wanachanganya maswali matatu kama vile ni moja.

Kwa ambao hawaijui, haraka haraka. Hiss alikuwa mtu mkubwa kwenye wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Februari 1945 alikuwa kwenye mkutano wa Yalta na ujumbe wa rais Roosevelt, mwaka huohuo njo akawa katibu mkuu wa mkutano wa San Francisco uliozaa Umoja wa Mataifa, halafu akatoka serikalini akaenda kuongoza Carnegie Endowment, shirika la mambo ya amani. Tarehe 3 Agosti 1948 Whittaker Chambers, mhariri wa gazeti la Time, zamani mkomunisti wa kubeba makaratasi ya siri, akakaa mbele ya kamati ya bunge akasema Hiss alikuwa mwenzao. Hiss akakataa kabisa. Chambers akarudia maneno yale kwenye redio, fasi ambayo kinga ya bunge haifiki, na Hiss akamfungulia kesi ya kuchafuliwa jina. Mimi naona hapo njo Hiss alijifungulia mlango mwenyewe, sababu mawakili wake walimbana Chambers, haya basi, kama uko na kitu leta, na Chambers akaleta.

Tarehe 17 Novemba 1948 akatoa vitu vilivyokuwa kwenye bahasha iliyokaa imefichwa miaka 10 hivi kule Brooklyn, nyumba ya ndugu za mke wake, ndani ya tundu la ile lifti ndogo ya kupandishia chakula ambayo haikuwa inatumika tena. Kulikuwa na kurasa 65 zilizopigwa na mashini, nakala na mihtasari ya telegramu na ripoti za wizara, za kuanzia Januari mpaka Aprili 1938, pamoja na vikaratasi vinne vya mwandiko wa mkono wa Hiss mwenyewe. Chambers akaeleza ilivyokuwa inafanyika: Hiss anatoka na makaratasi kazini jioni, mke wake Priscilla anayapiga upya kwenye mashini ya nyumbani, asubuhi yale ya kweli yanarudi wizarani na nakala zinabaki kumngojea Chambers. Filamu za boga, lile la shambani kwa Chambers, zilikuja baadaye, mwanzo wa Desemba.

Kisheria kulikuwa na shida moja. Ujasusi wa wakati wa amani ulikuwa na muda wa miaka 3 wa kushtaki, na toka 1938 miaka 10 ilikuwa imeshapita. Kwa hiyo 15 Desemba 1948 Hiss akashtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, mara mbili: kwamba hakuwahi kumpa Chambers makaratasi, na kwamba hakumuona tena baada ya 1 Januari 1937. Kesi nzima ya ujasusi ikaning'inia kwenye swali la fundi: hizi kurasa zilipigwa kwenye mashini gani?

FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakaanza kuitafuta. Maafisa wengi, miji mingi, maduka ya mashini kuukuu, majirani wa zamani, wote wanaulizwa, na hawakuipata. Lakini sasa shika hii, sababu wengi inawapita: mashini yenyewe haikuwa ya lazima. Walichokuwa wanahitaji ni karatasi nyingine yoyote iliyopigwa kwa akina Hiss miaka ileile, hata kama ni barua ya salamu. Na hizo walizipata, sababu barua inaenda kwa mtu mwingine na mtu mwingine anaiweka kwenye klaseri, wewe umeshasahau kabisa. Mojawapo ilikuwa barua kwa shule, kuhusu mtoto wa Priscilla, ya Septemba 1936. Nyingine Priscilla aliandikia Chuo Kikuu cha Maryland Mei 1937. Vitu vya kawaida kabisa vya familia, vimelala kwenye kabati za watu zaidi ya miaka 10.

Kwa kupita tu, Romania ya Ceaușescu walikuja kuiruka hii kazi yote ya kuzunguka: kwa dekreti ya 1983 kila mwenye mashini ya kuandika alitakiwa aiandikishe polisi na aache sampuli ya herufi zake zote. Marekani ya 1948 daftari la namna hiyo halikuwepo, ikabidi sampuli watafute wenyewe.

Sasa wanalinganisha vipi. Kwanza kuna mambo ya kiwanda, umbo la herufi na nafasi: mashini nyingi zinapiga herufi 10 kwa inchi, nyingine 12, na umbo la g au la 7 la Woodstock siyo lile la Royal wala Underwood. Hiyo inakupa aina ya mashini, haikupi mashini yenyewe. Mashini yenyewe unaipata kwenye kilema. Kila herufi inakaa kwenye mkono wake wa chuma, unaruka unagonga utepe unarudi, maelfu kwa maelfu ya mara, siku moja mikono miwili inakwaruzana kwa sababu anayepiga anaharakisha, mmoja unajipinda kidogo, na toka siku hiyo ile herufi haikai tena sawa na wenzake.

Chukua Olympia yetu. Herufi a inakaa chini ya mstari kidogo na inainamia kushoto. Mguu wa kulia wa n umekatika kwenye ncha. Alama ya nukta inatoboa karatasi, ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona vitundu. Ukinipa barua 20 za mji huu nitakutolea ile ya kwetu bila kusoma jina. Ila kuna mtego hapo, na alinionyesha ni papa mmoja wa Kamalondo anayetutengenezea mashini: siku nyingine e na o zinajaa wino uliokauka, tundu linakuwa jeusi kabisa, mtu mgeni atasema aha, hii njo alama yake. Papa anachukua burashi ya meno na petroli kidogo, anasugua, alama imekwisha. Kwa hiyo uchafu hauna kazi ya maana isipokuwa karatasi mbili zimepigwa siku za karibu. Kinachohesabika ni kilichoharibika kwenye chuma chenyewe, na kimoja peke yake hakitoshi, sababu n zilizokatika ziko nyingi duniani, lakini n iliyokatika, na a iliyoshuka, na nukta inayotoboa, na s iliyolala, zote kwenye mashini moja, hapo unaanza kumwambia hakimu kitu.

Kazi hiyo kwenye kesi ya Hiss aliifanya Ramos Feehan wa maabara ya FBI. Aliweka kurasa za Chambers upande mmoja na barua za akina Hiss upande wa pili, akasema kurasa zote zimepigwa kwenye mashini moja na barua zile, isipokuwa karatasi moja, ile ya nambari 10, ambayo ilitoka kwenye mashini nyingine. Mimi hiyo nambari 10 njo inanifanya nimuamini kazi yake, mtu anayetaka tu kumpendeza bosi angezikusanya zote. Na mawakili wa Hiss hawakumpinga kwenye kesi, maana hata wataalamu ambao wao wenyewe waliwalipa hawakuwapa jibu la kumsaidia mteja.

Swali la kwanza basi likafungwa mapema: kurasa na barua zimetoka mashini moja. Hiss mwenyewe alipoelezwa hivyo kwenye baraza la mashtaka alisema mpaka siku ya kufa kwake atajiuliza Chambers aliingiaje nyumbani kwake kutumia mashini yake. Angalia vizuri alichosema, hajasema siyo mashini yangu. Amekimbilia kwenye vidole. Na kwa kweli hiyo njo fasi pekee iliyokuwa imebaki wazi, kwa sababu herufi inakwambia ni chuma gani kiligonga, haikwambii nani alikuwa amekaa kwenye kiti.

Tufuate sasa njia ya mashini. Ilitoka Philadelphia kwa baba yake Priscilla, Thomas Fansler, mtu wa bima, aliyekuwa nayo ofisini kwake toka miaka ya 1920. Fansler alipoacha kazi ikaenda kwa binti yake. Akina Hiss wakakaa nayo, Priscilla akapigia barua zake. Walipohama nyumba Washington wakawagawia vitu wafanyakazi, na mashini ikaenda kwa familia ya Catlett, mama aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani kwao na watoto wake wawili wa kiume. Kule ikapigwapigwa na watoto, ikapita mkono huu na ule, mpaka ikafika kwa Ira Lockey, mtu wa kuhamisha mizigo. Na aliyeipata kwake siyo FBI. Ni Edward McLean, wakili wa Hiss, 16 Aprili 1949, kwa dola 15. Ilikuwa na nambari N230099.

Ngoja nisimame hapa maana ni fasi ya ajabu kuliko zote. Serikali nzima inaitafuta, na anayeileta mahakamani ni upande wa mshtakiwa! Kijana mmoja wa Catlett ndiye aliwapa njia, akaenda kuongea na Donald, ndugu yake Hiss. Mawakili walifikiri nini? Walikuwa na mpango, na siyo mpango wa kijinga: kama mashini ilitoka nyumbani kwa Hiss Desemba 1937, kabla ya karatasi ya kwanza ya Januari 1938, basi Priscilla asingeweza kuzipiga, na Chambers au mtu wake angeweza kuipata mashini kule kwa akina Catlett ambako nyumba ilikuwa inaingia na kutoka watu. Mashini ikaletwa kama shahidi wa Hiss. Yaani walikubali swali la kwanza lote ili wapiganie la pili.

Swali la pili ni la tarehe, na tarehe iko ndani ya vichwa vya watu, miaka 11 baadaye. Akina Catlett wakaja kuapa kwamba walipewa wakati wa kuhama. Mwendesha mashtaka Thomas Murphy hakugombana nao kuhusu kuhama. Akawauliza vitu vidogo. Mmoja wa vijana akaeleza kwamba baada ya kuipata aliipeleka kwa fundi, duka la K Street karibu na Connecticut Avenue. Sawa. Murphy akamrudia, na nikikwambia kwamba duka lile la K Street lilifunguliwa Septemba 1938? Kijana akaanza kuyumba kwenye tarehe zake, mara miezi mingi, mara hakumbuki. Sasa kama mashini ilifika kwa Catlett katikati ya 1938 basi Januari mpaka Aprili ilikuwa bado kwa Hiss, na mpango wote wa dola 15 umeanguka kwa sababu ya mlango wa duka la fundi.

Mimi sisemi kijana alidanganya. Muulize mtu yeyote hapa mjini ni mwaka gani alipewa redio kuukuu na bosi, atakupa mwaka wa harusi ya dada yake au mwaka mvua ilibomoa ukuta, tarehe hana. Tena inawezekana kabisa alipewa Desemba na akaipeleka kwa fundi miezi tisa baadaye, mashini mbovu inakaa chini ya kitanda mwaka mzima bila mtu kuigusa. Ila mbele ya watu 12 wa baraza, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, ukishayumba umeyumba.

Na kitu kingine kikawa kinafanya kazi kimyakimya: mashini ilikuwa imekaa pale mezani mahakamani, na afisa wa FBI akaipiga watu wote wasikie, kuonyesha kwamba hata baada ya kuzungushwa miaka yote hiyo bado inaandika. Haikuongeza chochote kwenye ushahidi wa Feehan. Lakini fikiria wewe ni mtu wa baraza, umeketi wiki kadhaa unasikia maneno, halafu unasikia kile chuma kinagonga.

Kesi ya kwanza ilikwisha Julai 1949 bila uamuzi, 8 walitaka kumfunga na 4 walikataa. Ya pili ikaisha 21 Januari 1950, ana hatia kwenye mashtaka yote mawili, miaka 5. Alikaa jela ya Lewisburg miezi 44, akatoka Novemba 1954.

Swali la tatu likazaliwa baada ya hukumu: je, hii N230099 njo kweli ile mashini ya Fansler? Wakili mpya, Chester Lane, akarudi kwenye rekodi za kiwanda cha Woodstock, na hesabu ya nambari ikawa inaelekeza mashini iliyotengenezwa 1929, wakati ya Fansler inasemwa ilinunuliwa 1927 na barua za ofisi yake zilikuwa zinatoka tayari. Kama ni hivyo, hii iliyopatikana kwa Lockey ni nini? Lane akasema ni mashini ya kughushi, imetengenezwa ifanane na ya Hiss na kuwekwa njiani ili ipatikane. Na ili kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana akamlipa Martin Tytell, fundi maarufu wa mashini za kuandika wa New York, atengeneze Woodstock ya pili bila kuiona ile ya kwanza, anapewa karatasi za sampuli tu. Tytell alitumia zaidi ya mwaka, anatafuta herufi kwenye mashini za zamani, anazichonga, anazipinda, mpaka akatoa mashini iliyoandika karibu sana na ile.

Kwa fundi hiyo ni kazi ya kuvua kofia. Kwa jaji Goddard haikutosha, 1952 akakataa kesi mpya: kuonyesha kitu kinawezekana haimaanishi mtu fulani alikifanya. Na hapa niko na Goddard. Angalia mtu huyo wa kughushi alipaswa awe na nini: barua za Priscilla za 1936 na 1937 mikononi kabla ya Novemba 1948, fundi wa kiwango cha Tytell aliyefunga mdomo, mwaka mzima wa kazi, na bado aifikishe mashini kwa Lockey akitumaini kwamba mawakili wa Hiss, siyo FBI, ndio watafika kule. Tena vile vikaratasi vinne vya mkono mashini haiviwezi. Ila jambo la nambari kwenyewe silidharau, ni kweli inasumbua, na upande wa Hiss walilishikilia miaka yote. Mimi nasema inaweza kuwa vilevile kwamba kumbukumbu ya mwaka wa kununua ndiyo mbovu, au orodha ya kiwanda, au mashini ilibadilishwa ofisini kwa Fansler bila mtu kukumbuka. Nambari ikiwa na shida inaigusa N230099, haigusi kurasa na barua, hizo zinalingana hata kama mashini imetupwa mtoni, na hapo wengi njo wanapotea, wanafikiri wakiangusha mashini wameangusha kesi.

Wale wanaopenda Venona, ile kazi ya Wamarekani ya kufungua telegramu za siri za Wasovieti, watasema mbona sijaitaja. Telegramu ya Wasovieti ya 30 Machi 1945, iliyotolewa hadharani miaka ya 1990, inataja wakala aliyeitwa ALES ambaye baada ya Yalta alipita Moscow, na Hiss alikuwa kati ya wachache waliofanya safari hiyo. Wanahistoria wengi walichukua hiyo kama kufunga mjadala, wengine hawakukubali, Hiss alikufa Novemba 1996 akiwa na miaka 92 bado anakataa. Lakini hiyo ni habari ya 1945, haisemi lolote juu ya nani alikaa mbele ya Woodstock 1938.

Kama ningekuwa kwenye timu ya McLean Aprili 1949, zile dola 15 ningeziweka mfukoni kwanza. Ningempeleka kijana wa Catlett K Street kwa miguu, anionyeshe mlango, niulize mwenye duka amefungua lini na nani alikuwa kwenye jengo lile kabla yake, na madaftari ya mafundi wengine wa mitaa ya karibu, sababu fundi anaandika jina, mashini na bei, hata papa wetu wa Kamalondo anaandika. Nikishajua tarehe ile inasimama wapi, hapo ndipo ningeamua kama hiyo mashini inafaa kuingia mahakamani au ibaki kwa Lockey.